Baridi Yabisi: Siku za Magoti ya Mama Kerala

Siku ya 1. Tanga hadi Dar es Salaam

Ugomvi wa kwanza wa safari ulikuwa wa kiti. Mama alitaka tupakie kile kiti chake cheupe cha plastiki, anachoswalia tangu magoti yalipokataa kukunjika miaka mitatu iliyopita. Nikamwambia India viti vipo. Akasema, "Vyao nitajuaje vimekaliwa na nani?" Mjukuu wake, ambaye kazi yake rasmi pale nyumbani ni kumbebea bibi kiti kila ikiadhiniwa, alisimama mlangoni amekikumbatia akingoja hukumu. Kiti kikabaki.

Niseme mapema nimesimama upande gani. Mimi ni mfamasia. Nimeuza dawa kwenye dirisha lilelile miaka kumi na tisa, na mtu akinijia na dawa moja ya magonjwa arobaini huwa natazama saa. Wazo la kwenda Kerala, jimbo la kusini mwa India, kwa tiba yao ya jadi iitwayo ayurveda, ni la mama, aliyemwona shoga yake akienda huko kwa kigari cha matairi na kurudi kwa miguu. Nilichokubali mimi ni kidogo zaidi: gegedu la magoti yake limelika, upasuaji hautaki hata kuusikia, na diklofenaki aliyokuwa akimeza kama karanga inampandisha presha na kumchoma tumbo. Kama kuna namna ya kupunguza maumivu bila hiyo diklofenaki, nitabeba mizigo.

Viza tuliyoombewa ni ya Ayush, aina iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa ajili ya wageni wanaofuata tiba za jadi za India. Tiba hizo zina wizara yake kamili tangu 2014. Mama aliposikia neno wizara aliniangalia kwa jicho la "unaona?"

Siku ya 2. Doha hadi Kochi

Uwanja wa ndege wa Kochi unaendeshwa kwa umeme wa jua tangu 2015, na ulikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Sisi tulitua kwenye mvua ya masika yao, maji yanamwagika kama ya ndoo, hilo jua lenyewe likabaki jambo la kuamini tu.

Dereva aliyetumwa kutuchukua aliuliza tumetoka wapi. Nilipotaja Afrika Mashariki akatikisa kichwa kwa huzuni: "Odinga." Huku wanamjua. Raila Odinga alifariki Koothattukulam, mji mdogo wa jimbo hili, tarehe 15 Oktoba 2025, akiwa na miaka 80, alipokuwa huko kwa matibabu. Na kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amesimulia jinsi binti yake alivyopata nafuu ya macho baada ya kutibiwa kwa ayurveda mji huohuo, hadi Waziri Mkuu Modi akaitaja habari ile katika hotuba yake ya redio Februari 2022. Mama mdogo alitupigia simu mara tatu kabla hatujaondoka, kila mara na Raila mdomoni: "Mnampeleka dada yangu kulekule?" Mama naye akimjibu kwa macho ya binti. Habari ni moja, na kila mmoja amekata kipande kinachomtosha yeye. Mimi naona hakuna kipande chochote hapo kinachosema lolote kuhusu magoti.

Saa moja na nusu barabarani kuelekea upande wa Thrissur. Minazi, mihogo, migomba, mafenesi yamening'inia kwenye shina. Mama alishusha kioo akasema, "Wametuzungusha wee, wameturudisha Muheza."

Siku ya 3

Nilitarajia mzee mwenye ndevu. Akaja kijana wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe, shahada ya miaka mitano na nusu ambayo ndani yake wamesoma anatomia na famakolojia pamoja na maandiko ya Kisanskriti. Huku tabibu wa namna hii anaitwa vaidya. Alishika kifundo cha mkono wa mama kwa vidole vitatu, kimya, muda mrefu. Akatazama ulimi. Akauliza choo, usingizi, njaa, kiu, kama anapenda maji ya moto au ya baridi, kama ngozi yake ilikuwa kavu tangu usichana. Halafu, jambo lililonituliza, akaweka picha za eksirei kwenye taa na kuzisoma kama daktari yeyote wa mifupa. Akaomba orodha ya dawa za hospitali. Nilikuwa nayo mfukoni: amlodipini na losatani za presha, metformini ya sukari.

Akasema ugonjwa huu kwao unaitwa sandhigata vata, yaani vata iliyokaa kwenye maungio. Wanazo nguvu tatu wanazoamini zinaendesha mwili: vata, pitta na kapha. Nikamwuliza vata ina sifa gani. Akahesabu kwa vidole, kama mtoto wa chuoni anayesoma alichohifadhi: kavu, nyepesi, baridi, ya kukwaruza, nyembamba, isiyotulia.

Nikamfasiria mama. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Si ndiyo baridi yabisi?"

Nimeandika maneno hayo mawili kwenye bahasha za dawa maelfu ya mara na sijawahi kuyasikiliza. Yabisi ni kavu, neno la Kiarabu. Baridi na kavu. Wazee wetu wa pwani walipokea tiba ya Kiyunani kupitia Waarabu, ile ya damu, belghamu, safura na sauda, ambamo kila ugonjwa una moto wake au baridi yake, ukavu wake au unyevu wake. Mahesabu hayalingani na ya hawa, wao wanahesabu tatu na sisi nne, lakini bahari iliyowapitisha mabaharia na pilipili manga haikushindwa kupitisha na fikra. Vaidya alifurahi mno kusikia hivyo, akamwomba mama arudie, akaandika "baridi yabisi" kwenye faili la mgonjwa kwa herufi zao za mviringo.

Ukishakubali kwamba ugonjwa ni baridi na kavu, tiba inajileta yenyewe: mafuta na moto. Dukani kwangu sina kipimo cha vata, na sitegemei kukipata. Ila nikiri kwamba nimewahi kusikia maelezo mabaya zaidi ya hayo kutoka kwa watu wenye vipimo.

Siku kumi na nne za tiba. Kile kitendo chao maarufu cha kuharisha kwa dawa amekiondoa, kwa sababu ya umri na sukari. Na kwenye orodha kulikuwa na dawa ya maji iitwayo arishtam. Mama akanusa kichupa, akanirudishia bila kusema. Ni kweli: arishtam huchachushwa kwa sukari guru na maua, na kilevi hujizalisha chenyewe humo ndani. Vaidya hakubisha hata kidogo, inaelekea si Mwislamu wa kwanza kumrudishia. Akaifuta, akaandika ya kuchemsha.

Siku ya 4

Chumba cha tiba kina harufu ya ufuta, moshi wa kuni na kitu kama majani ya mchaichai yaliyoungua. Katikati kuna droni: kitanda kizito cha mbao kilichochongwa kingo juu, na mfereji mguuni wa kukusanyia mafuta. Mama alisimama akakikagua.

"Huu ni mtumbwi," akasema.

Wanawake hukandwa na wanawake, kwa hiyo niliondoka, nikarudi kwenye kazi ya goti tu. Nililoliona nitalieleza, maana sikuwahi kuliona kabla. Binti mmoja alikanda unga wa choroko nyeusi kwa maji, mgumu kama wa chapati. Akauviringisha uwe kamba nene kama kidole gumba, akauzungushia juu ya goti la mama, akafinya kingo zishikane na ngozi, akapitisha kidole chenye maji kuziba nyufa. Ikawa bwawa dogo juu ya goti. Mafuta yalikuwa yakipashwa kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto. Akayajaribu kwanza nyuma ya kiganja chake, kisha akamimina polepole kando ya ukuta wa unga, mpaka goti likazama. Kila yalipopoa kidogo alichovya pamba, akayakamulia bakulini, akaongeza ya moto. Nusu saa nzima, hakuinua macho. Hakuna hata tone lililovuja.

"Vedana?" aliuliza mara kwa mara. Maumivu? Hilo ndilo neno la kwanza la Kimalayalam mama alilolijua. La pili likawa "mathi", yatosha, na alilihitaji mikono minne ilipomshukia mgongoni.

Baada ya kuoga walimpaka unga wa dawa utosini, ili asishikwe na mafua. Nikamkuta amekaa barazani, amejifunga khanga kichwani, uso umelainika. Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia: baada ya kunizaa alikandwa na bibi yangu siku arobaini, maji ya moto yenye majani, kusingwa mafuta ya nazi na manjano, na toka siku ya arobaini na moja hakuna mkono uliomgusa kwa kazi hiyo tena. "Miaka arobaini na nne," akasema, akahesabu umri wangu.

Siku ya 5

Ijumaa. Nilipanda basi kwenda Kodungallur, kwenye msikiti wa Cheraman, ambao mapokeo ya hapa yanasema ulijengwa mwaka 629. Wanahistoria wanaweza kubishana na mwaka huo, mimi nilikwenda kuswali. Aliyekaa kando yangu aliwahi kufanya kazi Oman miaka mingi, akajua kusema "habari gani" kwa sababu mwajiri wake wa Muscat alizungumza Kiswahili nyumbani.

Mama: mafuta tena. Wali, maboga, mchuzi wa dengu bila pilipili. Ameanza kuota samaki.

Siku ya 6

Nimeonja dawa yake ya kuchemsha, kashayam. Kanuni ya zamani ni sehemu 1 ya mizizi na magome kwa 16 za maji, ichemke ibaki sehemu ya nane. Uchungu wake si wa mwarobaini, maana uchungu wa mwarobaini unakupiga ukapita. Huu unakaa kooni ukingoja mgeni mwingine. Mama anaimeza kwa mkupuo, anafuta mdomo, anasema "Alhamdulillah" kama mtu aliyefuturu.

Siku ya 7

Jumapili tiba ni fupi, nikaenda kwenye bustani ya dawa nyuma ya jiko. Hapa nilikaa saa tatu, na kama wangeniacha ningekaa mpaka Magharibi.

Mtunza bustani alinionyesha kichaka kisicho na maringo, majani marefu, maua meupe: adalodakam, wanaowapa wenye kikohozi. Nikatafuta jina la kitaalamu kwenye simu, nikacheka peke yangu. Ni mmea ambao ndani yake ilipatikana vasisini, na kutokana na vasisini wanakemia wakatengeneza bromheksini. Bromheksini ipo rafu ya pili kushoto dukani kwangu. Nimeiuza miaka yote hiyo nikidhani inatoka Ujerumani.

Hatua chache mbele, mmea mwingine mfupi, mizizi yake imejipinda kama nyoka: sarpagandha. Huu niliujua kwa sifa. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha uzoefu wake wa kutibu presha kwa mzizi huu katika jarida la Uingereza, na 1952 resapini ikachujwa humo. Ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa za presha zilizofanya kazi kweli. Pia iliwatia baadhi ya watu huzuni nzito, na dawa bora zilipokuja ikawekwa kando. Kwangu mimi hiyo ndiyo simulizi kamili ya mti-dawa: inafanya kazi, ina madhara, inapimwa, inapata mahali pake au inakosa.

Ukutani kulikuwa na mtambaazi wa majani ya umbo la moyo. Mtunza bustani akasema huu ni chittamruthu, wa kinga ya mwili, watu waliuchemsha sana wakati wa korona. Kweli waliuchemsha. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliandika kuhusu wagonjwa sita walioumia ini baada ya kuutumia. Sikumwambia. Alikuwa ameushika ule mmea kwa upendo, na mimi ni mgeni.

Siku ya 9

Alfajiri mama alisema dunia inazunguka. Nikadhani ni njaa. Muuguzi akaleta mashine ya presha: 182 juu, 104 chini. Akapima tena mkono wa pili, ileile.

"Mama, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Zipi?"

Akanionyesha kikombe cha kashayam.

Khanga yake ya "Mungu hamtupi mja wake" ilikuwa kwenye kiti, na pindo lake lilikuwa na fundo, lile fundo la kufungia pesa ya sokoni. Nikalifungua. Tembe nane. Amlodipini nne, losatani nne, zimelala pale safi kama punje za mahindi. Siku nne amekuwa akizipokea mkononi mwangu, akizipeleka mdomoni, na kuzihifadhi. Metformini aliendelea nayo, "kwa sababu sukari naiogopa".

Nilipandisha sauti. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilimwambia mama yangu mzazi maneno ambayo huwa siwaambii wateja.

Vaidya alikuja na viatu mkononi. Hakusimama juu yake, alichuchumaa kando ya kitanda macho yao yakawa sawa. "Amma, dawa yangu mimi ni ya magoti. Ile ni ya moyo na mishipa. Nani amekwambia uache?"

Nikafasiri. Mama akafikiri, akajibu taratibu:

"Hakuna aliyeniambia niache. Wala hakuna aliyeniambia nisiache. Dawa juu ya dawa, nikaona zitapigana, nipumzishe moja."

Nilikaa. Siku ya tatu nilimfasiria saa nzima ya vata na pitta, nikatia na historia ya Wayunani, na sentensi hiyo moja ya kazi yangu ya kila siku haikunitoka mdomoni. Vaidya naye alidhani mwana mfamasia ameshasema.

Tiba ya siku hiyo ikasitishwa. Vidonge vikarudi, mbele yangu, na maji, na "fungua mdomo nione". Nikamwomba vaidya orodha ya kila kilichomo kwenye kashayam, akaniandikia mstari kwa mstari. Nilichokuwa nikikitafuta ni urukususu, maana ule mzizi mtamu ukinywewa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Haumo. Alikuwa ameuondoa siku ya kwanza alipoona orodha yangu. Nikamwomba radhi kwa nilichokuwa nikimdhania.

Alasiri mvua. Mama hakuniongelesha mpaka Isha, kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku ya 11

148 kwa 88. Amerudi kwenye mtumbwi.

Siku ya 12

Leo umeanza Karkidakam, mwezi wao wa katikati ya Julai. Zamani ulikuwa mwezi wa njaa na maradhi, mashamba yamefurika, akiba imekwisha. Ndio pia mwezi unaohesabiwa bora kwa tiba, wanasema mwili umelainika kwa unyevu na unapokea mafuta. Asubuhi tulipewa uji wake maalumu wa mchele na mitishamba, karkidaka kanji. Uji kwao ni kanji na maji ya chai ni chaya. Mama anasema akikaa miezi miwili ataelewa kila kitu.

Nilikwenda Thrissur mjini kuona tembo. Siku ya kwanza ya mwezi huu tembo wa mahekalu hukusanywa katika hekalu la Vadakkunnathan na kulishwa matonge ya wali yaliyochanganywa sukari guru, samli, manjano na dawa. Kwao tembo naye ana haki ya tiba ya masika. Ndani huingia Wahindu tu, kwa hiyo nilisimama nje kwenye uwanja, mwavuli mkononi, nikiwaona wakipita mmojammoja, wamekogeshwa, paji limepakwa majivu, mlinzi akitembea ameshika jino kama anayemwongoza babu yake.

Lakini nilikuwa na agizo. Mgonjwa mwenzake mama alimpa karatasi yenye jina la duka, akamwambia wana tembe za sukari, mwezi mmoja tu. Mama akanipa pesa na ile sura ya usinihukumu. Nikalipata duka, uchochoroni. Muuzaji akatoa kifuko cha plastiki chenye vidonge vyeusi kama mbegu za papai. Hakuna lebo, hakuna namba ya toleo, hakuna jina la mtengenezaji. Nikamwuliza kuna nini humo. Akacheka: siri ya ukoo. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna madini yaliyochomwa na kusafishwa.

Nikavirudisha juu ya meza. Baadhi ya dawa za jadi za India hutiwa zebaki, risasi na madini mengine kwa makusudi, kwa imani kwamba kuyachoma mara nyingi huondoa sumu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Boston walinunua dawa 70 za ayurveda kwenye maduka ya mji wao wakazipima: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Moja kati ya tano. Na kabla sijajifanya msafi, dawa za mitishamba zinazouzwa vituo vya mabasi kwetu nazo hazina lebo, na nimeshaona watu wamevimba nyuso kwa steroidi zilizosagiwa humo kimyakimya.

Mama nilimwambia tembe zimekwisha dukani. Ni uongo. Akasema, "Heri," haraka mno, nikashuku kwamba naye alikuwa akilitarajia jibu hilo.

Siku ya 15

Wamehamia kwenye njavarakizhi. Njavara ni mchele wao wa siku 60 toka kupandwa hadi kuvunwa. Unapikwa kwa maziwa na maji ya mizizi hadi uwe kama bokoboko, unafungwa kwenye vitambaa kama vifurushi vya ubani, vinachovywa katika maziwa ya moto na kukandwa navyo mwilini, vikipoa vinabadilishwa. Mama alitoka ananukia wali wa maziwa. "Wamenifanya vitumbua," akalalamika, lakini alilala saa tisa mfululizo usiku huo.

Siku ya 17

Siku ya mwisho. Vaidya alimpandisha ngazi zilezile kumi na mbili za siku ya tatu. Siku ile alipanda kwa kuleta miguu yote miwili kwenye kila kidato, mkono kwenye ukuta. Leo amepishanisha miguu mpaka cha tisa. Maumivu, kwa kipimo cha kumi, yalikuwa nane, sasa anasema manne, "au matano ukininunia". Amepungua kilo tatu. Diklofenaki hajaigusa tangu tufike.

Nilimwuliza vaidya anafikiri ni nini kilichosaidia, mafuta, mizizi, ama wiki mbili bila vitumbua na bila kupika. Akacheka, akasema kwao swali hilo halipo, tiba ni hayo yote. Kwangu lipo. Kuna utafiti wa Berlin uliochapishwa 2018, wagonjwa 151 wa magoti yaliyolika, nusu wakatibiwa kwa ayurveda, nusu kwa njia za kawaida za hospitali. Baada ya wiki 12 wa ayurveda walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Ila kila mmoja alijua anapewa nini, na ukishajua umekandwa kwa mafuta ya moto na mtu asiyetazama saa, goti nalo linajua. Kutenganisha hapo ni kazi ngumu. Mama hana haja ya kutenganisha, yeye alikuja na magoti, si na swali.

Kwa gegedu, picha ya eksirei ingekuwa ileile. Vaidya mwenyewe alisema hivyo bila kuulizwa, nikampenda zaidi.

Tulipewa chupa nne za mafuta zenye lebo kamili, na miiko ya siku kumi na nne: maji ya baridi hapana, kulala mchana hapana, upepo wa usiku hapana, mtindi hapana. Na mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake, umepigiwa mstari mara mbili: dawa za presha na sukari kama kawaida. Akanipa mimi niusome kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mama.

Wale mabinti wawili wa chumba cha mafuta walimsindikiza hadi kwenye gari. Mmoja alilia. Mama akamfunga khanga kiunoni, ileile yenye fundo.

Siku ya 19

Kochi, Doha, Dar, Tanga. Chupa moja ilipasukia kwenye sanduku. Mashati yangu yote yananukia tiba.

Siku ya 31. Tanga

Miiko imekwisha leo, mama kasherehekea kwa changu wa kuchoma. Chupa ya pili imefika nusu, kwa sababu majirani wanakuja na vichupa vyao "vya tone moja tu". Kisanduku chake cha vidonge, chenye vyumba saba vya siku saba, kipo juu ya friji, nami nakikagua nikipita bila kuonekana, naye anajua.

Maumivu yamerudi kidogo, asubuhi hasa, na kukipigwa baridi. Anasema ni matano. Sijda ya chini imemshinda bado, alijaribu juzi, ikabidi tumwinue wawili.

Adhuhuri mjukuu alitoka mbio chumbani kama kawaida yake, akafika barazani akasimama, mikono mitupu. Bibi alikuwa ameshakivuta kiti mwenyewe, amekiweka juu ya mkeka.

"Kacheze," akamwambia.